Bakuli Lisirudi Ziwani

Karibuni wanangu, sogeeni, kila mtu apate pa kukaa. Zakia, kaa hapa miguuni pangu nikuone uso. Ally, kalia hilo sanduku la vifaa, limewahi kubeba wazito kuliko wewe. Makame, mlango wa uani uache wazi hivyo hivyo, usiusukume. Najua upepo wa ziwa unaingia, na najua daktari alisema nini kuhusu kifua changu, lakini leo nina sababu ya kuutaka wazi, nanyi mtaijua kabla sijamaliza. Nitasema polepole. Nikikohoa, nisubirini. Mkinikatiza sitapata tena nguvu ya kurudi nilipoishia.

Nianze na mali, maana ndiyo nyepesi. Nyumba hii ya Pasiansi na kile kiwanja cha Ilemela, shekhe atavigawa kwa sheria, nami sina ninayempendelea juu ya sheria. Cherehani mama yenu alimpa Zakia kwa mdomo wake akiwa hai, kwa hiyo haimo katika hesabu yenu wala yangu. Vifaa vya kazi, tezo na keekee na misumeno, nawaomba ninyi wawili mridhie avichukue Makame, kwa kuwa ndiye pekee anayejua kuvishika bila kujikata. Ally, usicheke. Kidole chako kile tunakikumbuka wote.

Sasa kimebaki kitu kimoja, na kwa ajili yake nimewaita. Ni lile Bakuli lililolala kifudifudi nyuma ya jiko, lenye kuku chini na kuni juu. Nimesikia, Ally, kwamba umekubaliana na Antoni wa Kirumba aje kulichukua Jumamosi, aliwekee kiraka, afunge mashine, abebe abiria wa Kayenze. Sikulaumu. Umeona chombo kimelala bure miaka miwili na zaidi na baba mgonjwa ndani, ukafikiri kama mtoto mkubwa anavyopaswa kufikiri. Lakini nakuambia mbele ya ndugu zako: Bakuli lisirudi ziwani. Lisirudi na Antoni wala na mtu mwingine yeyote. Ngojeni niwaeleze kwa nini, halafu mtanihukumu mnavyoona.

Mnakumbuka lilivyofika mwaka wa hamsini na tano. Yule Mzungu wa barabara aliyekaa Bwiru aliletewa kwa treni, likiwa ndani ya kreti la mbao refu kama nyumba, na sisi mafundi tukasimama mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, tukalitazama lilipofunguliwa. Lilikuwa jeupe, linang'aa, halina maungio, halina ubavu unaoonekana, halina msumari hata mmoja, kama bakuli la uji la mtu mkubwa kupita kiasi. Yeye aliliita faiba, akasema limetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa na gundi. Watu wa mwalo wakaliita Bakuli. Baadaye lilipokuwa langu walinitania kila asubuhi: fundi Muhidin, bakuli tumeliona, mchuzi uko wapi? Nami nilijibu kwamba mchuzi ndio huo ziwa zima, waende nyumbani wakalete ugali.

Lilikuwa langu mwaka wa hamsini na tisa, yule bwana alipokuwa anarudi kwao. Nilikuwa nimemjengea gati dogo na makabati, na alipofungasha vitu vyake akasema boti haitaingia kwenye sanduku, basi nibaki nayo. Alikuwa mtu mpole. Kabla ya kuondoka alinionyesha namna ya kulitibu. Alitoa kopo la gundi na kitambaa cheupe chenye kuwasha ngozi, akaniambia kwa Kiswahili chake cha ofisini, "Fundi, hii hapana mbao. Hapana piga musumari. Safisha, lowesha kitambaa, bandika, ngoja kauka." Nikaitikia ndiyo bwana, na moyoni nikacheka. Mimi ni mtoto wa babu yenu, Makame wa Ujiji, aliyeunda mitumbwi katika maziwa mawili. Nilijiambia kwamba mtu anayebandika vitambaa ni mshonaji, si fundi. Lile kopo nikaliweka darini mpaka likaganda kama jiwe.

Aliyeshika usukani wake mnamjua. Ni Masalu wa Bujora, rafiki yangu tangu tukiwa vijana wa kupasua mbao. Mimi nilijua kuunda, yeye alijua maji, na sijaona mtu aliyejua njia za kati ya miamba hii kama yeye. Aliweza kuniambia jiwe liko wapi kwa kutazama tu jinsi wimbi linavyokunjika. Ninyi mlimwita baba Masalu. Zakia alikuwa akilala begani pake tukirudi kutoka Kayenze kwa shangazi yenu Sihaba, dada yangu mdogo.

Nipe maji kidogo, Zakia. Inatosha.

Novemba ya mwaka wa Uhuru vijana walilivuta Bakuli nchi kavu kwa pupa, likakwaruza jiwe, likapata ufa mbele upande wa kushoto, urefu wa kiganja tu. Nikachukua ubao wa mvule, nikaukata vizuri, nikajaza pamba kwenye ufa, nikaupiga ubao juu yake kwa misumari kumi na minne, nikamaliza kwa lami. Ilikuwa kazi safi, ungeweza kuionyesha popote. Masalu alisimama nyuma yangu, akaniuliza taratibu, "Fundi, yule bwana si alisema tusipige misumari?" Nami nikamjibu mbele ya watu, "Wewe shika usukani, nyundo niachie mimi." Watu wakacheka. Masalu naye akacheka, akanisaidia kubeba sanduku.

Makame, wewe unaijua kazi, waeleze ndugu zako baadaye kama hawataelewa. Mbao ikilowa inavimba. Pamba ikilowa inavimba. Katika mtumbwi wa mbao vyote viwili vinasukumana mpaka njia ya maji inafungwa, na tundu la msumari linaubana msumari wake. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, nimeila maisha mazima. Lakini nyuzi za kioo hazivimbi. Kile kiraka changu kilipolowa kilivimba peke yake, kikawa kinasukuma bila kusukumwa, na kila tundu nililotoboa likawa mwanzo wa ufa mwingine. Siku zile chache za kwanza halikuvuja hata tone, nikatembea mwaloni kifua mbele.

Ilipofika tarehe nane Desemba, Masalu alikwenda Kayenze kuleta watu waje mjini kuona bendera ikipanda. Walikuwa kumi na mmoja, na Sihaba mmoja wao. Alikuwa ameshona kilemba cha rangi za bendera mpya, kijani na dhahabu na nyeusi, akatuma salamu kwamba mama yenu Mboni asijisumbue kupika, yeye atakuja na samaki wa kutosha. Walipofika mbele ya miamba, karibu tu na Kirumba, watu wakiwa wanaonekana ufukweni, maji yakaingia kwa mara moja kama mtu aliyefungua mlango. Masalu aliwatoa. Aliogelea akarudi, akaogelea akarudi, na mitumbwi ya watu ikaja ikaokota wengine. Kumi wakafika nchi kavu. Sihaba hakufika. Tulimpata siku ya tatu, na siku ile ya katikati, mji mzima ukiimba, mimi nilikuwa ndani ya mtumbwi natazama maji.

Hayo mnayajua. Sasa nasema msiyoyajua.

Alfajiri ya tarehe tisa, kabla watu hawajakusanyika, nilikwenda peke yangu mahali walipokuwa wamelivuta Bakuli. Nikakiona kiraka changu. Kilikuwa kinaning'inia kwa msumari mmoja, na pale chini faiba imepasuka kutoka tundu hadi tundu, mstari mmoja ulionyooka, kama stempu zinavyochanika kwenye karatasi yake. Hapakuwa na alama ya jiwe. Halikugonga kitu chochote. Lilikufa mahali nilipolitibu.

Nikang'oa kile kiraka, nikakificha ndani ya koti. Kisha nikaokota jiwe, nikapiga pale palipopasuka mpaka pakawa tundu kubwa lenye kingo za ovyo, kama tundu la mwamba. Matundu ya misumari yaliyobaki upande mmoja nikayaziba kwa lami. Nilifanya hivyo dada yangu akiwa bado majini. Mama yenu akaja kuniita kwamba wazamiaji wanataka kuanza, akanikuta na jiwe mkononi. Akauliza, "Baba Ally, hilo jiwe la nini?" Nikasema nalitupa. Hakuuliza tena mpaka anakufa, lakini tangu siku ile hakuwahi kukaa karibu na Bakuli, hata kuni alimtuma mtu.

Wazee wa mwalo walipomhoji Masalu aligonga jiwe gani, alisema, "Mimi sikusikia jiwe. Lakini tundu naliona kwa macho yangu, basi nimeligonga." Hivyo tu. Mtu aliyeyajua maji maisha yake yote aliamini tundu langu kuliko masikio yake mwenyewe. Halafu maneno yakakua, kwamba alikuwa amelewa kwa furaha ya Uhuru, kwamba alimtazama mwanamke fulani badala ya kutazama njia. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani napokea pole. Kila mtu aliyeinama kunishika mkono alinong'ona kitu juu yake, nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyeumia, na kweli niliumia, na katika kuumia kule nikajificha.

Siku ya saba Masalu alikuja na dume jekundu la ng'ombe. Alilitembeza kwa miguu kutoka Bujora, akalifunga pale kwenye mpapai, akapiga magoti mlangoni. Mnakumbuka. Makame, wewe ndiye uliyetafuta kamba. Tulilichinja, tukalisomea dua, watu wakala. Nami nilikula, wanangu. Nilitafuna nyama ya mtu niliyemwangamiza, na nikaomba mchuzi zaidi kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Ngojeni. Kifua. Hapana, sitaki dawa, itanilaza. Nishike mgongo tu, Makame.

Tangu hapo hakushika tena usukani. Alirudi kuchunga Bujora, na akija mjini na ng'ombe hupita njia ambayo ziwa halionekani. Nilimfuata mara moja, mwaka wa sitini na mbili, nikiwa nimeyapanga maneno ndani ya basi. Nilimkuta ananyweshea ng'ombe kwenye nusu ya pipa lililotobolewa na kutu, anaziba kwa udongo, maji yanatoka, anaziba tena. Akaacha yote, akanikumbatia, akachinja kuku. Na kabla sijafungua mdomo akaanza kuniomba radhi upya, kwa machozi, akisema usiku hulala akilitafuta lile jiwe ni lipi, katika mawe yote anayoyajua, na halioni. Nami nikamwambia nimekusamehe. Nilimsamehe, Zakia. Nikala kuku wake, nikapanda basi.

Makame, mwaka jana mlikutana naye barabara ya Kisesa, ukampita bila shikamoo. Ulikuja kunisimulia kwa majivuno kwamba umemtetea shangazi yako. Nilinyamaza. Kosa lile si lako, ni langu, nilikupa bila wewe kujua. Lakini kulirekebisha ni kazi yako.

Mtauliza kwa nini sikuliondoa Bakuli mapema. Nilijaribu. Mnajua desturi tuliyopewa na babu yenu: chombo cha mwisho cha fundi hakiuzwi, kinakaa kivulini kikizeeka naye, na akifa mbao zake ndizo zinazochemsha maji ya kumwoshea. Maji ya babu yenu niliyachemsha mwenyewe kwa mtumbwi wake, na nyumba nzima ilinukia mvule. Kwa hiyo nililileta Bakuli nyumbani, watu wakaona naifuata desturi, lakini shabaha yangu ilikuwa lioze, mchwa walile, mvua ilipige, lile tundu lisahaulike ndani ya uozo. Mchwa walikula magogo niliyoliwekea. Lenyewe hawakuligusa. Nikakata kipande cha mbele nikakitia motoni, kikatoa moshi mweusi wa kukaba roho, na moto ulipozimika nyuzi zilikuwa zimebaki pale majivuni, nyeupe, kama mvi za mtu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nitakufa mimi kwanza, na lenyewe litabaki nyuma ya jiko.

Na sasa Antoni anakuja Jumamosi, na ataweka kiraka. Atakiwekaje? Kwa nyundo, kama sisi wote. Nikinyamaza tena nitakuwa nimeua mara ya pili, na mara hii nikiwa najua.

Basi sikilizeni ninachotaka, na Ally ukumbuke, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa.

Kesho mwende kwa Antoni, mmwambie kweli, yote, msipunguze ili kulinda jina langu. Kisha mpindue Bakuli. Mbele upande wa kushoto mkwangue ile lami, mtakuta matundu saba yamepangana. Ndani ya sanduku ulilokalia, Ally, chini kabisa, kuna ubao umefungwa kwa khanga ya mama yenu. Ndicho kiraka. Uwekeni pale, matundu yake saba yatalingana na yale, na mengine saba yataangukia kwenye ule uwazi nilioutengeneza kwa jiwe. Kabebeni vyote viwili mpaka mwaloni Kirumba, wazee walewale waliomhoji Masalu waje wavione mchana kweupe. Wakisema neno baya juu yangu, msilijibu.

Wakishaona, shikeni msumeno. Lile tundu na sehemu yote ya mbele vikateni vipande, mkavizike shimo refu kule kiwanjani Ilemela, mbali na maji, mbali na mbuzi, na mfunge vitambaa puani mnapokata, ule unga wake unakaa kifuani. Nusu ya nyuma ni nzima, haina hata mkwaruzo. Hiyo pelekeni Bujora. Makame, ziba upande uliokatwa kwa kitambaa na gundi, jinsi tulivyoagizwa. Uliza, tafuta anayejua, uone aibu ya kuuliza ambayo mimi niliikataa. Liwe hori la kunyweshea ng'ombe wa Masalu. Maji yakae ndani yake yasiweze kutoka. Akilikataa, mlizike pamoja na vile vipande vya mbele, wala msimsihi. Na katika ng'ombe wangu wanne walioko kwa Ngosha anayenichungia, mwondoe dume jekundu mapema mumpe Masalu, kabla shekhe hajagawa chochote, kwa maana si langu, la kwake nililila.

Maji yangu mchemshe kwa mkaa wa kawaida. Kile kiraka msikichome, hata kama ni mvule, hata kama kitanukia vizuri. Ni cha Masalu. Kikae kwake, akitaka akitazame.

Sauti yangu inakwisha. Sogeeni zaidi.

Ally, usiwe na haraka ya kuwa baba wa wenzako. Zakia, usiwe unanyamaza kama mama yako, ukiona mtu ana jiwe mkononi, muulize mara ya pili. Makame, mikono yako ni mizuri kuliko yangu, nimeona, sikuwahi kukwambia kwa sababu nilikuwa nakuonea wivu kidogo. Mungu awape riziki isiyowalazimisha kusema uongo. Awape watoto watakaowauliza maswali. Chochote mlichonikosea nimekifuta, nanyi mkiweza, nifutieni.

Sasa kuhusu mlango.

Asubuhi nilimtuma Chenge, kijana wa jirani, kwa baiskeli. Mgeni wangu alifika ninyi mkiwa sokoni, nikamwomba akae pale uani, nyuma ya mlango, asiseme, asiingie mpaka nimwite. Nilitaka nimwambie uso kwa uso. Sikuweza. Miaka hii yote sikuweza, na leo pia nimeshindwa, nikawaita ninyi niwaambie ninyi, ili yeye asikie. Hata katika hili nimepita mlango wa nyuma.

Masalu. Umesikia. Hapakuwa na jiwe. Usilitafute tena.

Sikuombi radhi, nimekwisha kula radhi zako nyingi. Ingia ukitaka. Ukitaka kuondoka, njia ni ile ile, hakuna atakayekuzuia.

Zakia, ondoka hapo miguuni, mpishe. Siwezi kugeuza kichwa... ni yeye? Amesimama, au anaondoka? Niambieni.

Mpe kiti, Ally. Hapana, lile sanduku, mwache akalie sanduku. Makame, mwanangu. Mwamkie. Kwa sauti, nisikie.

Na yeye... subirini... kimya kidogo.

Ameitikia. Nimesikia, amesema marahaba.

Haya. Sasa ufungeni mlango, baridi inaingia. Nigeuzeni nielekee kibla.